Ufundishaji wa usanifu wa kompyuta ya wingu mtandaoni

Ufundishaji wa usanifu wa kompyuta ya wingu mtandaoni ni utoaji wa somo hilo kwa wanafunzi wa vyuo kupitia intaneti badala ya darasani. Somo linahusu namna ya kupanga seva, hifadhi za data na mitandao katika vituo vya data vinavyokodishwa kupitia intaneti, ili mfumo usizimike ovyo, uwe salama na usigharimu kupita kiasi.

Tofauti na kemia au ufundi wa magari, maabara ya somo hili yenyewe iko mtandaoni. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko Mkula, kata ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, anaweza kutumia seva zilezile anazotumia mwenzake wa Dar es Salaam. Kinachowatenganisha ni ubora wa intaneti, umeme na njia ya kulipia.

Historia

Nchini Tanzania elimu ya masafa ya ngazi ya chuo kikuu inahusishwa hasa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Wanafunzi wake huhudumiwa kupitia vituo vilivyo mikoani. Masomo yaliyotegemea vitabu vilivyochapishwa yalihamia hatua kwa hatua kwenye Moodle, programu huria ya kuendeshea kozi.

Mabadiliko hayo yalisaidiwa na nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi: SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, ambazo zilikuwa ghali. Machi 2020 vyuo vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19 hadi tarehe 1 Juni, na haja ya kufundisha kwa mbali ikaonekana wazi.

Maudhui ya somo

Kozi nyingi huanza na ufafanuzi uliotolewa mwaka 2011 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST). Ufafanuzi huo unataja sifa tano za kompyuta ya wingu, aina tatu za huduma (miundombinu, jukwaa na programu) na namna nne za kuimiliki: binafsi, ya jumuiya, ya umma na mseto.

Baada ya hapo hufuata hesabu za upatikanaji. Kwa mfano, seva inayofanya kazi asilimia 99 ya muda husimama jumla ya siku 3.65 kwa mwaka. Zikiwekwa seva mbili za namna hiyo, kila moja ikiweza kubeba kazi peke yake, uwezekano wa zote kusimama kwa pamoja ni asilimia 0.01, yaani takriban dakika 53 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa sababu za kusimama kwao ni tofauti. Seva mbili zinazotegemea umeme mmoja huzimika pamoja, na ndiyo sababu msanifu huzitenganisha katika vituo tofauti.

Sheria nayo ni sehemu ya somo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Anayesanifu mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa hana budi kujua seva zake ziko nchi gani. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020.

Mazoezi

Zoezi la kawaida ni kujenga tovuti kwenye seva mbili, kuzima moja kwa makusudi na kuangalia kama tovuti inaendelea kupatikana. Mwisho mwanafunzi hufuta kila alichokiunda, kwa sababu seva iliyosahaulika huendelea kutozwa fedha.

Changamoto

* Gharama ya bando: video ya kilobiti 500 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 225 kwa saa. Amri za maandishi hutumia sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, hivyo kozi yenye maandishi mengi humfaa zaidi mwenye intaneti hafifu.
* Umeme: kompyuta ya mwanafunzi ikizimika, seva ya mbali huendelea na kazi. Somo la moja kwa moja, hata hivyo, humpita asipopata rekodi yake.
* Malipo: kampuni nyingi hudai kadi ya benki wakati wa kufungua akaunti. Vyuo hukwepa kikwazo hiki kwa kutumia akaunti za wanafunzi zisizohitaji kadi, au OpenStack, programu huria iliyoanza mwaka 2010, inayoweza kuendeshwa kwenye kompyuta za chuo.
* Lugha: vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na istilahi nyingi za fani hii bado hazijapata visawe vilivyozoeleka kwa Kiswahili.

Upimaji

Majibu ya maandishi ni rahisi kunakiliwa. Kwa sababu hiyo walimu wengi hupima mfumo wenyewe: programu hukagua kama unafanya kazi, kisha mwanafunzi hueleza kwa mdomo kwa nini aliupanga hivyo na ungegharimu kiasi gani kwa mwezi.

Tazama pia

* Elimu ya masafa
* Seva
* Chuo Kikuu Huria cha Tanzania
* Mkoa wa Simiyu