Rimu kuingia si rimu kufaa: soma namba ya ET kabla hujalipa

Gari ikiharibika beringi ya gurudumu baina ya Habaswein na Wajir saa saba mchana, dereva hana la kufanya ila kungoja. Fundi yuko mbali, kivuli ni haba, na abiria wana watoto na mizigo. Mara nyingi tunalaumu barabara au ubovu wa vipuri. Lakini wakati mwingine chanzo ni siku ile gari ilipobadilishwa rimu, fundi akajaribu, nati zikaingia sawasawa, kila mtu akaridhika.

Nati kuingia ni hatua ya kwanza tu. Toyota Hilux na Prado, kwa mfano, zote hutumia nati sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser pikapu za miaka ya karibuni hutumia nati tano kwenye duara la milimita 150. Namba hizo zinakwambia kama rimu itafungika. Hazikwambii gurudumu litakaa wapi likishafungwa. Hilo linaamuliwa na kipimo kingine kiitwacho ofseti.

Ofseti ni nini

Kila rimu ina uso bapa unaoegemea habu, pale penye matundu ya nati. Sasa chora akilini mstari unaopita katikati ya upana wa rimu. Umbali kutoka mstari huo hadi uso ule, kwa milimita, ndio ofseti.

Uso ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni chanya, na gurudumu hukaa ndani chini ya madigadi. Uso ukiwa juu ya mstari wenyewe, ofseti ni sufuri. Uso ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi, na gurudumu hutokeza nje. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox, kwa kawaida huwa na ofseti chanya kubwa. Pikapu na magari makubwa ya nchi kavu huwa na ndogo zaidi.

Kwenye rimu nyingi namba hii imeandikwa kwa herufi ET, kifupi cha neno la Kijerumani, kwa mfano ET30. Karibu nayo utaona upana, kama 7J, yaani inchi saba.

Hesabu yake

Tuseme rimu yako ni 7J ET30, nawe unauziwa 8J ET0. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 25.4. Nusu yake, 12.7, inakwenda nje na nusu inakwenda ndani. Ofseti nayo imepungua 30, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 30. Ukijumlisha, ukingo wa nje umetokeza karibu milimita 43, zaidi ya sentimita nne kila upande. Ukingo wa ndani nao umejitenga na springi kwa milimita 17 hivi.

Spesa hufanya kazi ileile. Spesa ya milimita 25 kwenye rimu ya ET30 inaifanya gari itembee kama iliyofungwa ET5.

Madhara yake

Ukishika jembe karibu na chuma, ni jepesi. Lishike mwisho wa mpini uone linavyolemea mkono. Gurudumu lililotokeza huilemea beringi namna hiyo hiyo. Uzito ni uleule, lakini unavutwa kutoka mbali zaidi. Ongeza magunia, ongeza watu, ongeza barabara ya mawimbi ya changarawe inayogonga bila kukoma, na beringi, bolti za habu na viungo vya usukani vinachakaa kabla ya wakati. Usukani nao huwa mzito na hurushwa mkononi kila gurudumu linapoingia shimoni. Mzigo ukijaa, tairi hukata madigadi.

Ofseti ikizidi ile ya gari nayo ina balaa lake. Tairi husugua springi au shokomzoba, na rimu inaweza kugusa kalipa ya breki. Tairi linalosuguliwa upande wa ndani hukatika bila dereva kuona, hadi lipasuke.

Wapo wanaosema gurudumu pana lililotokeza hulisaidia gari kwenye mchanga wa Ijara na Dadaab. Upana husaidia kiasi, kutokeza hakusaidii. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza upepo unapoingia mchangani, ili tairi lilale na kushika eneo refu, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi lami. Hiyo haihitaji rimu mpya.

Kabla hujatoa pesa

Soma kwanza namba kwenye rimu ya gari lako, kisha kwenye ile unayouziwa. Tofauti ikiwa milimita chache haina neno. Ikifika 20 au 30, simama uulize.

Kama namba zimefutika, pima. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, upime kutoka ubao hadi uso unaokaa kwenye habu. Halafu pima upana wote, ukingo hadi ukingo, ugawe kwa mbili. Toa hiyo nusu kwenye kipimo cha kwanza. Ukipata milimita 132 kwa ubao na upana wote ni 204, nusu ni 102, basi ofseti ni 30.

Hakikisha pia tundu la katikati linakaa vizuri kwenye habu, na nati zinalingana na umbo la matundu yake. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa na mzigo, si tupu. Na nati zilizofungwa leo zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka Garissa mjini, maana yake ni kabla hujapita Dadaab.

Gari jipya kwa sura hupendeza macho siku mbili tatu. Abiria aliyelipa nauli anachotaka ni kufika.