Metriki ya nafasi-wakati

Metriki ya nafasi-wakati ni kanuni ya hisabati inayogeuza tofauti za viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali na saa ya tukio, kuwa umbali halisi au muda halisi. Katika nadharia ya uhusianifu wa jumla, iliyokamilishwa na Albert Einstein Novemba 1915, metriki ndiyo inayobeba graviti yote.

Haja yake huonekana kwenye ramani ya bahari. Mbegani, jirani na mji wa Bagamoyo, ipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Anayejifunza unahodha huambiwa apime maili kwa bikari pembeni mwa ramani, penye latitudo, wala asithubutu kupima juu au chini, penye longitudo. Dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya bahari, mita 1,852, popote duniani. Lakini digrii moja ya longitudo ni kilomita 111.3 kwenye ikweta, 110.6 Mbegani, na 56 hivi tu Oslo. Metriki ya tufe ndiyo inayotoa hesabu hiyo, na anayeijua anaweza kung'amua kuwa uso wa Dunia umepinda hata asipouona kutoka nje.

Mwaka 1908 Hermann Minkowski aliunganisha wakati na nafasi:

ds² = −c²dt² + dx² + dy² + dz²

Hapa c ni kasi ya mwanga, dt ni tofauti ya wakati, na dx, dy na dz ni tofauti za mahali. Alama ya kutoa ndiyo inayotenga wakati na nafasi, na kwa mwanga jumla yote huwa sifuri. Metriki hii ni bapa. Einstein aliiachia ibadilike: vijenzi vyake 10 hutofautiana kutoka mahali hadi mahali kufuatana na maada na nishati iliyopo, na kitu kinachoanguka hufuata njia iliyonyooka kuliko zote katika nafasi-wakati iliyopinda.

Karl Schwarzschild, akiwa jeshini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipata jibu kamili la kwanza la milinganyo ya Einstein inayounganisha metriki na maada, likachapishwa 1916. Kwa metriki yake, saa iliyo karibu na tungamo kubwa huenda polepole. Setilaiti za GPS, zinazoongoza hata boti za uvuvi, huruka kilomita 20,200 juu. Saa zake hupata mikrosekunde 45 kwa siku kwa sababu ya kimo na kupoteza 7 kwa sababu ya mwendo. Ziada ya 38 hurekebishwa kabla ya kurushwa: saa iliyokusudiwa kusomeka megahezi 10.23 hutegwa kwenye 10.22999999543. Usemi kwamba bila hivyo chombo kingepotea kilomita 11 kila siku umetiwa chumvi, kwani kipokezi hulinganisha saa za setilaiti zenyewe kwa zenyewe, na kosa linalozihusu zote kwa pamoja kwa sehemu kubwa hujifuta.

Metriki hiyohiyo hutabiri mashimo meusi: Jua likibanwa ndani ya nusukipenyo cha kilomita 3, mwanga hautoki. Ushahidi wa mapema wa mashimo hayo ulipitia pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya eksirei iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Kwa kuwa shimo hilo huzunguka kwa kasi, metriki ya Schwarzschild haitoshi kulieleza; hutumika ile ya Roy Kerr wa New Zealand, ya mwaka 1963.