Kitabu Sikioni: Kusoma kwa Kusikiliza katika Bonde la Lukuledi

Neno kusoma, kama litumikavyo katika Kiswahili, halikufungwa na jicho. Mtu apitishaye macho juu ya barua yake kimya kimya husoma. Lakini asomaye maulidi mbele ya watu, asomaye hitima, na mwanachuoni asomaye Kurani kwa moyo pasipo msahafu mkononi, hao nao husoma, na wale walioketi kuwasikiliza husemwa kwamba wamehudhuria kisomo. Huko Buganda maana hiyo ilikwenda mbali zaidi, hata kusoma kukawa ndiko kuishika dini, na Wakristo wa kwanza wakaitwa wasomaji. Basi swali liulizwalo sana siku hizi, kama mtu aliyesikiliza kitabu kikisomwa na chombo amekisoma au hakukisoma, Kiswahili kilikwisha kulijibu nusu yake kabla chombo chenyewe hakijabuniwa. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu, nayo haihusu sikio kamwe. Ni swali la nani aliye upande wa pili wa sauti, na kama aweza kuulizwa neno akajibu.

Bonde la mto Lukuledi, lishukalo kutoka upande wa Masasi mpaka bahari ya Lindi, pamoja na uwanda wa juu wa Wamakonde penye Newala, ni mahali pafaapo kulichungua jambo hili. Huko shule ya misheni, vita vikuu, na mashine ya kwanza ya kunasa sauti vilifika katika muda wa miaka 30 tu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa katika utumwa, akatoka nao Unguja, akapita Lindi, akawapandisha hadi Masasi. Steere huyo ndiye aliyekwisha kupiga chapa huko Unguja, mwaka 1867, hadithi chache za Kiswahili zilizotolewa katika masimulizi ya Charles na Mary Lamb juu ya tamthilia za Shakespeare, mojawapo ikiwa ni ile ya mfanyabiashara wa Venice. Miaka mitatu baadaye alitoa London mkusanyo wa ngano za Unguja, ambazo alizipata kwa kuketi na kuwasikiliza wenyeji wakisimulia. Mwendo wa vitabu hivi viwili wastahili kuangaliwa. Kimoja kilitoka katika kitabu cha Kiingereza, kikatiwa katika Kiswahili chepesi kwa ajili ya shule. Cha pili kilitoka midomoni mwa watu, kikafungwa katika karatasi. Vyote viwili, vilipofika mahali ambapo nakala ni chache na wajuao herufi ni wachache zaidi, havikuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu ila sauti ya mmoja asomaye huku wengine wakisikiliza. Kijiji cha Masasi kilikuwa na watu wa asili mbalimbali, na jirani zao walikuwa Wayao na Wamakua. Kiswahili kilichosomwa hapo hakikuwa lugha ya mama kwa wengi. Msomaji hakuweza kuwa mdomo tu. Ilimpasa kuwa mfasiri na mfafanuzi, kwa kuwa msikilizaji asiyeelewa humkatiza.

Wala wenyeji hawakuhitaji kufundishwa kusikiliza. Mafundisho ya jando na unyago, katika makabila yote ya nchi hiyo, yalibebwa na nyimbo fupi zenye mafumbo. Mwali huimbiwa, hushika maneno, na maana yake hufunuliwa baadaye na wakubwa waliopewa kazi hiyo. Kama falsafa ni maneno machache yanayodai kufikiriwa kwa muda mrefu, basi hiyo ilikuwa falsafa iliyopokelewa kwa sikio, na ilikuwa na utaratibu wake wa maswali na majibu.

Mwezi Agosti 1905 vita vya Maji Maji viliingia katika bonde hili. Misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa Lukuledi mwaka 1895 iliteketezwa, na Nyangao na Masasi hazikusalimika. Mwaka uliofuata, moto wa vita ukiwa haujapoa, alifika kutoka Lindi mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule wa jumba la makumbusho ya makabila la Leipzig. Alikwenda Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, chifu wa Wayao, kisha akapanda uwanda wa Wamakonde akafanya kazi Newala na Mahuta. Katika mizigo ya wapagazi wake mlikuwamo kamera, mashine ya kunasa picha ziendazo, na fonografu.

Fonografu ya wakati huo ilikuwa chombo rahisi. Mwimbaji huimba mbele ya bomba lililopanuka mdomo. Sauti hutikisa kiwambo chembamba, kiwambo husukuma sindano, na sindano huchora mfuo juu ya silinda ya nta inayozunguka. Sindano nyingine ikipitishwa juu ya mfuo uleule, sauti hurudi. Silinda moja haikuchukua zaidi ya dakika chache, na nta hulainika kwa joto, jambo ambalo si dogo katika nchi tambarare ya Masasi, ingawa juu Newala kuna ubaridi. Haya yaonekana kuwa mambo ya mafundi, lakini yaliamua ni nini kitakachohifadhiwa. Ngano ndefu haiingii katika dakika tatu. Mashauri ya wazee hayaingii. Wimbo huingia, tena ukikatwa. Yaliyotoka Masasi na Newala mwaka 1906 yalikuwa yale yaliyoweza kutosha katika nta, na msomaji wa leo asidhani kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa fasihi nzima ya watu hao.

Maneno ya baadhi ya nyimbo hizo Weule aliyatia katika kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Mfasiri wa Kiingereza alikuwa Alice Werner, ambaye wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanamjua vema kwa kazi nyingine. Lakini silinda zenyewe zilikwenda Ujerumani pamoja na vinyago na vyombo vingine. Hapo ndipo jambo jipya lilipotokea katika historia ya bonde hilo: kwa mara ya kwanza sauti ya mtu wa Newala iliweza kusikika mahali ambapo mwenye sauti hayupo, wala aliyeufahamu wimbo hayupo. Wataalamu waliosikiliza huko Ulaya waliweza kupima urefu wa noti na mwendo wa ngoma. Hawakuweza kumuuliza mwimbaji fumbo lake lina maana gani, na silinda ilipoulizwa mara ya pili ilirudia yaleyale.

Vita vilevile vilivyomtangulia Weule viliacha kazi nyingine ya sauti, na kuilinganisha na silinda kuna faida. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, ambao ulipigwa chapa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Utenzi huo uliandikwa, lakini umbo lake ni la sikio. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, na cha nne hurudisha kina kilekile cha mwisho tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Mwenye kusoma kwa macho aweza kukiona kina hicho kuwa pambo. Kwa msikilizaji ni alama ya njia: humwambia kwamba wazo limekwisha na jipya laja, na mghani akikosea kipande, kina chenyewe humshitaki. Kwa namna hii utenzi hujilinda ukiwa mdomoni, na mghani akiwapo aweza kusimama kueleza nani ni nani na kijiji fulani kipo wapi. Tofauti kati ya karatasi ya Lindi na nta ya Newala basi haiko katika usahihi. Nta ni sahihi zaidi. Iko katika kwamba utenzi ulisafiri pamoja na watu waliojua kuusoma, na nta ilisafiri peke yake.

Thomas Edison, aliyeibuni fonografu mwaka 1877, aliandika mwaka 1878 orodha ya kazi alizozitarajia kwa chombo chake, na miongoni mwake alitaja vitabu vitakavyowasomea vipofu. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kulitimiza hilo, kwa sababu ya udogo wa silinda uliokwisha kutajwa. Marekani ilianza kuwapelekea vipofu vitabu katika santuri mwaka 1934, na Uingereza mwaka 1935. Tangu kuja kwa kanda, na baadaye simu za mkononi, dakika si kizuizi tena. Tangu 2005 shirika la LibriVox limekuwa likitoa bure vitabu vilivyosomwa na watu wa kujitolea, na majadiliano ya Plato yamo humo kwa Kiingereza.

Kumsikiliza Plato si jambo geni kwa Plato mwenyewe. Katika Theaetetus, Euclides na Terpsion, wakiwa wamechoka, wanaketi na kumwamuru mtumwa awasomee kitabu, na majadiliano yote yafuatayo ni yale wayasikiayo kutoka kinywani mwake. Katika Parmenides, Zeno amekuja na maandishi yake, anawasomea watu, na Socrates akishasikiliza anaomba sehemu ya kwanza isomwe tena, kisha anauliza. Na katika Phaedrus, baada ya kusomewa hotuba ya Lysias, Socrates analeta shitaka lake maarufu juu ya maandishi: kwamba yafanana na picha, husimama kama yaliyo hai, lakini yakiulizwa hunyamaza au husema jambo lilelile daima. Shitaka hilo husomwa mara nyingi kana kwamba Socrates alikuwa akitetea sauti dhidi ya herufi. Silinda za Newala zaonyesha kuwa usomaji huo una kasoro. Sauti iliyonaswa ni maandishi pia. Kilichotetewa ni yule awezaye kuulizwa.

Ukweli wa jambo hili ulijaribiwa Tanzania kwa kipimo kikubwa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya kuwa shirika mwaka 1956 na Radio Tanzania mwaka 1965, redio ikawa msomaji mkuu wa nchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaita watu kusikiliza kwa makundi. Kila kundi lilikuwa na redio, kitabu, na kiongozi aliyefunzwa kuongoza mazungumzo baada ya kipindi. Walioshiriki wahesabiwa kuwa kiasi cha milioni 2. Mada ilikuwa choo, malaria na maji safi, mbali kabisa na Plato. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa uleule wa Masasi ya zamani: sauti isemayo, maandishi ya kurejea, na mtu wa kumkatiza. Ni ajabu kidogo kwamba mpango huo, uliofaulu sana kwa choo, haukujaribiwa kwa nguvu hiyohiyo katika fasihi.

Maana matini zilikuwapo. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, ikarekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Hadithi aliyoipiga chapa Steere ikarudi baada ya miaka 102 ikiwa tamthilia kamili. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode, kazi ya Sophocles, mwaka 1971. Nyerere alichagua mistari isiyo na vina. Kwa jicho uchaguzi huo ni wa kumfuata Shakespeare. Kwa sikio lililolelewa na utenzi ni kuondolewa alama ya njia. Hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari yahitaji basi msomaji ajuaye mahali pa kutua pumzi, kwa kuwa hakuna kina cha kumwonyesha, na mkazo wa Kiswahili, ambao hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, hausaidii kutenga mstari na mstari. Hapa kunasa sauti kwaweza kuwa na faida ambayo kitabu hakina: msomaji hodari mmoja hurudisha kwa pumzi yake kile ambacho tafsiri imelazimika kukiacha. Msomaji mbaya, kwa upande wake, huiua tamthilia nzima, na msikilizaji hatajua kwamba kosa si la Shakespeare wala la mfasiri.

Nathari ya falsafa ni ngumu zaidi, kwa kuwa haina kina wala mchezaji. Msikilizaji wa Newala mwenye simu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimakonde, akipewa Plato aliyesomwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, atakuwa amewekewa vizuizi viwili kwa pamoja, cha lugha na cha hoja. Aweza kurudisha nyuma na kusikia tena. Hilo Euclides aliliweza kwa kumwamuru mtumwa wake. Apungukiwalo ni lile ambalo mtu wa Masasi wa 1876 alikuwa nalo bila kuliomba.

Nazo silinda za nyimbo? Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na kutiwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999, imekuwa ikihamisha mikusanyo yake ya nta kutoka nchi nyingi katika njia za kisasa, hivyo sauti za namna hiyo zaweza sasa kusafiri bila kuyeyuka. Walioimba mbele ya bomba mwaka 1906 wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao ambao bado walichezwa unyago kwa nyimbo za zamani wapo katika vijiji vya Newala na Masasi, nao ni wazee. Kazi ya kuketi nao, kuwasikilizisha silinda moja moja na kuwauliza fumbo hili lilifunuliwaje, yahitaji msafara mdogo kuliko ule wa Weule, na yahitaji kuanza kabla yao kuondoka.