Uhandisi wa Vishipa vya Damu

Neno mshipa limebebeshwa mengi katika Kiswahili. Kuna mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na kuna wazee wa Pwani ambao wakisema wana mshipa, wanakusudia ngiri. Anayetaka kueleza fani ya kuunda mishipa midogo ya damu maabarani hana budi kuyapanga maneno yake kwanza.

Damu hutoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena. Mwaka 1628 William Harvey alieleza mzunguko huo bila kuona inapovukia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Marcello Malpighi ndiye aliyepaona, mwaka 1661, alipochunguza pafu la chura kwa hadubini: palikuwa na kapilari. Upana wa kapilari ni mikromita 5 hadi 10, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli nyekundu ya damu, yenye mikromita 7 au 8, mara nyingi hujikunja ndipo ipite.

Mkazi wa Kipevu, bandarini Mombasa, ana mfano wa kazi hii ya kapilari karibu naye. Meli hushusha mafuta hapo, na bomba la Mombasa hadi Nairobi huyapeleka bara. Lakini bodaboda hujazwa kwa mpira mwembamba wa pampu. Mwilini nako, ateri kubwa husafirisha tu. Kapilari ndizo hugawa oksijeni. Seli iliyo mbali nazo kwa zaidi ya mikromita 200 hivi hukosa riziki. Ndiyo sababu tishu nene iliyooteshwa maabarani hufa katikati isipopewa mishipa yake.

Tuiiteje basi kazi ya kuunda mishipa hiyo? Kapilari haitoshi, kwa kuwa ni aina moja tu. Kuna pia vijiateri vinavyoingiza damu na vijivena vinavyoitoa. Kishipa, kwa wingi vishipa, hukusanya vyote. Kitenzi kutengeneza kina utata: fundi hutengeneza gari bovu, na msomaji atadhani ni mishipa ya mgonjwa inayorekebishwa. Kuotesha ni nusu ya habari. Mtafiti huchora njia kwanza, humimina jeli ya kolajeni kwenye kalibu, kisha hupitisha seli za binadamu za utando wa ndani wa mishipa. Seli hizo hushika ukuta na kuutandika zenyewe. Kuna kusanifu na kuna kuotesha, na neno uhandisi hubeba yote mawili.

Lengo moja la uhandisi huo ni kupata tishu za kupandikiza, kazi ambayo bado iko katika utafiti. Lengo la pili, kuchunguza magonjwa, linatugusa zaidi. Kilifi, kaskazini ya Mombasa, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la hisani la Wellcome wamechunguza malaria kali ya watoto tangu mwaka 1989. Vimelea vya Plasmodium falciparum hufanya seli nyekundu zinate kwenye kuta za vishipa. Vya ubongo vikiziba, mtoto aweza kupatwa na degedege na kupoteza fahamu. Ubongo wa mtoto aliye hai haufunguliwi ili kutazama vishipa hivyo, na panya wa kawaida hawaambukizwi vimelea hivi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na wenzao walichapisha habari za kishipa walichokiunda kwa kolajeni, kilichobanwa katikati hadi mikromita 5 hadi 10. Walipopitisha seli zenye vimelea, waliziona zikirundikana kwenye wembamba huo.

Waandishi wa afya na watafsiri, basi, waseme kapilari kwa njia nyembamba kupita zote, vishipa kwa kundi zima, na uhandisi wa vishipa vya damu kwa fani yenyewe. Mzazi akiambiwa kwamba malaria imeziba vishipa vya ubongo, atajua kwa nini mtoto mwenye degedege hukimbizwa hospitali papo hapo.