Ndege wa Matope na Madaftari ya Miaka Mingi

Miaka ya 1960 ilipoelekea mwisho, wakubwa wa mipango Uingereza waliitazama milango ya mito kama ardhi iliyolala bure. Matope ya Maplin, mashariki ya London, yalitakiwa yawe uwanja wa ndege. Ghuba ya Morecambe izibwe kwa ukuta, maji ya mito yahifadhiwe humo. Aliyeuliza ni vitwitwi na sululu wangapi wanakula kwenye matope hayo hakupata jibu la maana. Bata walikuwa wakihesabiwa tangu 1947. Hawa wengine, nani ajisumbue?

Sensa yao ilianza 1969. Matope yakiwa wazi, ndege hutawanyika hata darubini isiwafikie. Kwa hiyo watu wa kujitolea huvizia bamvua. Maji yakifunika kila kitu, makundi husongamana kwenye ukingo mkavu, na hapo huhesabiwa upesi kabla kipanga hajawatimua. Hufanya hivyo kila mwezi, majira ya baridi, mwaka baada ya mwaka. Uwanja wa Maplin ulifutwa 1974, ila tusidanganyane, fedha ndizo zilizouua. Madaftari yakaendelea kujaa, na 1993 sensa hiyo ikaunganishwa na ile ya bata.

Jaribio kali lilikuja Wales. Novemba 1999 ukuta uliifunga Ghuba ya Cardiff, matope yakawa ziwa. Wenye miradi ya namna hii husema ndege ana mbawa, atahamia kwa jirani. Kweli, vitwitwi wa miguu myekundu walihamia mlango wa mto Rhymney, kilomita chache tu. Lakini wengi walikuwa wamevishwa pete za rangi, kwa hiyo watafiti waliweza kumfuatilia kila mmoja. Wahamiaji walikonda. Kabla ya ukuta, ndege wazima 85 hivi katika kila 100 waliumaliza mwaka wakiwa hai. Baada yake, 78.

Kisha baridi yenyewe ikapungua makali. Vitwitwi wadogo waliozoea kukimbilia pwani ya magharibi, yenye joto kidogo, sasa hubaki mashariki kwenye matope yenye chakula zaidi, na huenda wengine hawavuki hata bahari kutoka Uholanzi. Ndiyo maana hesabu ya kimataifa ya Januari, iliyoanza 1967 na kuifikia Afrika Mashariki 1991, ina uzito wake: anayehesabu kwenye mlango wa mto Severn, huko magharibi, akikuta ndege wamepungua, hawezi kusema wamekufa mpaka ajue Waholanzi wamehesabu wangapi mwezi huohuo.