Kupima Hali ya Mwanamke Anapokoma Hedhi: Fahirisi ya New York na Mabega ya Wajapani

Jina lenyewe si la kale hata huko Ulaya. Mwaka 1821 Gardanne, tabibu wa Kifaransa, alitumia neno "ménopause", lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la mwezi na la kukoma. Wanawake walikuwa wakikoma hedhi tangu zamani, nao walikuwa na maneno yao. Kilichozaliwa hapo ni jina la kitabibu. Kipimo kilikuja baadaye sana.

Mwaka 1953, mjini New York, Blatt, Wiesbader na Kupperman walitoa fahirisi iliyokuja kujulikana kwa jina la huyo wa mwisho. Ilikuwa na dalili 11. Tabibu alitoa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila dalili, kisha akazidisha: joto la ghafla lipandalo usoni, pamoja na jasho, mara 4, kukosa usingizi, wahaka na ganzi mara 2, zile 7 zilizobaki hazikuzidishwa. Jumla haikuweza kupita 51. Uzito huo ulitokana na mazoea ya waganga, wala haukuthibitishwa kwa hesabu. Mambo ya unyumba hayakutajwa. Tena mwanamke hakuulizwa maisha yake yanakwendaje. Aliulizwa anaumwa nini, na aliyeandika jibu ni mtu mwingine.

Udhaifu wa mizani hiyo ulidhihirika ilipolinganishwa na hali ya nchi ya mbali. Katika miaka ya 1983 na 1984 Margaret Lock, mtaalamu wa elimu ya binadamu kutoka Kanada, aliwahoji wanawake zaidi ya 1,300 wa Japani, wenye umri wa miaka 45 hadi 55, akalinganisha majibu yao na ya wanawake wa Massachusetts na Manitoba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1993. Joto la ghafla lilitajwa na wachache mno kuliko huko Amerika. Walilolitaja kuliko yote ni kukakamaa kwa mabega.

Sasa na tuchukue fahirisi ya 1953. Mabega yaliyokakamaa, kama yana nafasi yoyote, yataingia katika maumivu ya viungo na misuli, ambayo hayazidishwi. Basi mwanamke asiyeweza kuinua mkono kwa maumivu atapata 3, na mwenzake anayetokwa na jasho jingi atapata 12. Hapo kipimo hakipimi taabu. Kinapima jinsi taabu hiyo inavyofanana na ya New York.

Kuna na shida ya maneno. Neno la Kijapani "kōnenki" lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, matabibu walipokuwa wakifuata elimu ya Ulaya. Walakini katika vinywa vya watu lilienea hata likawa na maana ya miaka mingi ya kuingia uzeeni, mvi na macho yakiwamo. Joto la ghafla, kwa upande wake, halikuwa na neno moja: kuna "hoteri", kuna "nobose", kuna "kaatto naru", na kila moja lina matumizi mengine pia. Mwaka 2005 Melissa Melby alichapisha uchunguzi uliouliza kwa maneno hayo mbalimbali, na idadi ikapanda. Hata hivyo haikufikia ile ya Marekani. Kwa hiyo si halali kudai kwamba tofauti yote ni ya lugha.

Mwaka 1996 Hilditch na wenzake wa Toronto walitoa dodoso la maswali 29, ambalo mwanamke hujaza mwenyewe, akieleza kila jambo linamsumbua kiasi gani. Mambo ya unyumba yamo. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini orodha ni ile aliyopewa, na mfasiri hana budi kuivusha. Kwa Kiswahili atachagua kati ya joto, hari na fukuto, yote yakiwa maneno ya hali ya hewa. Mwanamke wa pwani akiulizwa wakati wa kaskazi kama anapata fukuto, atajibu ndiyo, na mumewe vivyo hivyo.