Boma la Bagamoyo na mafundi wasiotajwa

Ukienda Unguja ukauliza nani alichora Beit el Amani, lile jumba la makumbusho lenye kuba, utajibiwa bila kusita: John Sinclair, Mwingereza, 1925. Huyo huyo ndiye aliyechora Mahakama Kuu ya pale Unguja, na ndiye anayetajwa kwa Ikulu ya Dar es Salaam, iliyojengwa upya mwaka 1922 baada ya jumba la gavana wa Kijerumani kupigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914.

Sasa njoo Bagamoyo. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, lakini mwaka 1897 wakajenga hapa Boma la ghorofa, lenye umbo la herufi U. Sura ni ya kiserikali, ya kumtisha mlipa kodi. Ila ukilisogelea unaona mambo ya kwetu: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Mzungu alileta ramani. Namna ya kujenga aliikuta pwani, kwa watu waliokuwa wakijenga hivyo karne nyingi kabla yake.

Nakumbuka tulipiga picha pale tukiwa wanafunzi, na mwalimu akatueleza habari za Wajerumani tu. Nami niliamini hivyo mpaka juzi juzi nilipokutana na mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, amekaa kwenye baraza ya nyumba ya zamani iliyopigwa plasta ya saruji. Plasta yenyewe ilikuwa imebanduka vipande vipande.

"Shikamoo mzee. Mbona nyumba hii imekarabatiwa na bado inabomoka?"

"Marahaba mwanangu. Ukuta huu unapumua. Wameuziba pua."

Akanifafanulia. Matumbawe hufyonza unyevu na chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, ukuta ukaoza taratibu na boriti zikalika. Chokaa nayo ina kazi: unapanga kuni, unachoma mawe, unazima kwa maji, unaiacha ikomae. Haitaki haraka, na wakandarasi wetu wana haraka.

Mvua za El Niño za 1997/98 ziliangusha sehemu ya Boma. Mwaka 2006 Bagamoyo ikaingizwa kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, tukashangilia. Mimi nasema hivi: tukipata fedha zote za wafadhili lakini wazee wa chokaa wakaondoka bila kumfundisha mtu, tutajenga sanamu ya Boma, siyo Boma.

Nilimwuliza mzee ana wanafunzi wangapi. Akacheka, akanyanyua kidole kimoja. Mjukuu wake. Naye, akasema, anataka kuendesha bodaboda.